Kupiga Moyo Konde Hakutoshi: Vifo vya Ghafla vya Wanamichezo Chipukizi

Hakuna kiungo cha mwili ambacho Waswahili wamekitwika mzigo mkubwa wa maana kuliko moyo. Mwenye hofu hutakiwa ajipe moyo. Aliyekata tamaa husemwa amekufa moyo. Mfiwa hushauriwa apige moyo konde, mkarimu husifiwa kwa moyo wake mkunjufu, naye katili hulaaniwa kwa moyo wa jiwe. Katika misemo hii yote, moyo unaozungumziwa si ule wa nyama na damu unaopiga kifuani. Ni nia, ni ujasiri, ni utu. Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mfano wa neno lililosafiri mbali na maana yake ya msingi hana haja ya kuhangaika.

Waama, safari hiyo ni fahari ya lugha. Tatizo huzuka pale ambapo moyo wa misemo unaufunika moyo wa nyama usionekane, na hali hiyo hudhihirika zaidi uwanjani kuliko mahali pengine. Mchezaji chipukizi akimweleza kocha kwamba kifua humbana kila anapokimbia, au kwamba alipata kisunzi akaanguka katikati ya mazoezi, aghalabu jibu analopewa linauhusu ule moyo wa misemo: ajikaze, apige moyo konde, awe mwanamume. Akiwa msichana, huambiwa kuwa anadeka. Swali lilikuwa la tiba, jibu likawa la nahau. Moyo wa misemo huamrishwa nao ukatii. Moyo wa nyama hauna masikio.

Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba vifo vya ghafla vya wanamichezo chipukizi, ingawa huja kama radi, havipaswi kupokelewa kama kudra isiyo na la kufanywa. Baadhi hutanguliwa na ishara. Na hata pale ambapo ishara haikuwapo, dakika chache zinazofuata baada ya mchezaji kuanguka huamua mengi. Shule na vyuo vinavyowapeleka vijana uwanjani vina wajibu wa kuuliza maswali kabla ya kipyenga kupulizwa, na wa kuwa tayari baada ya kupulizwa. Katika wajibu huo, wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao ambayo hakuna daktari atakayewafanyia.

Yaliyotokea Lyon

Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Gerland jijini Lyon, Ufaransa, timu ya taifa ya Kameruni ilikuwa ikimenyana na Kolombia katika nusu fainali ya Kombe la Mashirikisho. Katika dakika ya 72, Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni aliyekuwa na umri wa miaka 28, alianguka katika duara la kati. Hakuna mchezaji aliyekuwa amemgusa. Alitolewa kwa machela na madaktari wakahangaika naye kwa takriban dakika 45, lakini hakuzinduka. Uwanja huo haukuwa mgeni kwake, maana aliwahi kuichezea klabu ya Lyon, na msimu uliokuwa umemalizika aliucheza Uingereza kwa mkopo katika klabu ya Manchester City. Uchunguzi wa maiti ulibaini kuwa alikuwa na maradhi yanayoifanya misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi, maradhi ambayo kwa kawaida hurithiwa.

Foé hakuwa wa kwanza. Tarehe 12 Agosti 1989, Samuel Okwaraji wa Nijeria alianguka na kufariki jijini Lagos katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia dhidi ya Angola. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wala Foé hakuwa wa mwisho. Miezi saba baadaye, tarehe 25 Januari 2004, Miklós Fehér, raia wa Hungaria aliyekuwa akiichezea Benfica ya Ureno, alionyeshwa kadi ya manjano, akatabasamu, akainama kama mtu anayetafuta pumzi, kisha akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mwaka 2007 Antonio Puerta wa Sevilla ya Uhispania alianguka uwanjani tarehe 25 Agosti na kuaga dunia siku tatu baadaye akiwa na umri wa miaka 22. Mnamo Novemba mwaka huohuo Mmarekani Ryan Shay, mwenye umri wa miaka 28, alianguka na kufa akiwa mbioni katika mashindano ya New York ya kuteua wakimbiaji wa marathoni wa Olimpiki.

Majina haya yanajulikana kwa sababu vifo hivyo vilitokea mbele ya kamera au katika mashindano makubwa. Lakini maradhi ya moyo hayachagui viwanja vyenye taa na nyasi zilizokatwa. Uwanja wa shule ya upili wenye milingoti ya miti, ambako mechi huchezwa mchana wa jua kali na mashabiki husimama kwenye mstari wa pembeni, nao una vijana wenye mioyo ya nyama. Tofauti ni kwamba anayeanguka huko hutangazwa katika mazishi peke yake.

Kinachotokea kifuani

Moyo ni pampu inayoendeshwa na umeme wake wenyewe. Cheche ndogo huanzia juu, katika chumba cha kulia, husambaa kwa utaratibu, na kila inapopita misuli hukaza na kuisukuma damu. Utaratibu huo ukivurugika, vyumba vikubwa vya chini huacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Moyo unaotetemeka hausukumi damu, na ubongo usiopata damu humwangusha mtu katika muda wa sekunde chache. Hivyo ndivyo moyo unavyosimama ghafla.

Yafaa hali hii itofautishwe na ile inayofahamika na wengi kama mshtuko wa moyo. Mshtuko wa moyo ni tatizo la mabomba: mshipa unaoilisha misuli ya moyo huziba, na sehemu ya misuli hiyo huanza kufa. Mgonjwa aghalabu huwa macho, huzungumza na hulalamika maumivu. Kusimama kwa moyo ni tatizo la umeme, na mgonjwa hawezi kusema lolote. La kwanza linaweza kuleta la pili, lakini si kitu kimoja. Miongoni mwa wanamichezo waliopita umri wa miaka 35, mishipa iliyoziba ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya aina hii. Miongoni mwa vijana, chanzo aghalabu ni kasoro waliyozaliwa nayo au waliyoirithi.

Kasoro hizo ni za namna nyingi. Iko ile ya misuli minene iliyobainika kwa Foé, ambayo hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 500. Wengi wao huishi maisha marefu, ila kila mtoto wa mwenye maradhi hayo yuko katika uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuyarithi. Kuna mishipa ya damu ya moyo inayochipuka mahali pasipostahili. Kuna misuli inayogeuka mafuta na makovu, na kuna kasoro za umeme ambazo hazionekani hata moyo upasuliwe. Zaidi ya hizo za kuzaliwa nazo, kuna uvimbe wa misuli ya moyo unaoletwa na virusi, na ndiyo sababu mchezaji mwenye homa hastahili kupongezwa kwa kucheza akiumwa. Hata pigo la kifua linaweza kuusimamisha moyo usio na kasoro yoyote likitua katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Damar Hamlin, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, alianguka kwa njia hiyo jijini Cincinnati tarehe 2 Januari 2023, akafufuliwa papo hapo uwanjani.

Kwa Afrika Mashariki inapasa kuongezwa baridi yabisi ya moyo. Maradhi haya huanza kwa maumivu ya koo ambayo mtoto hakutibiwa ipasavyo, kisha baada ya miaka huziharibu vali za moyo. Katika nchi tajiri yamekuwa nadra. Huku kwetu Waafrika bado yanawadhoofisha vijana ambao huonekana wazima hadi mwili unapotakiwa kufanya kazi ya ziada.

Je, ajali haina kinga?

Kuna wanaosema kwamba vifo hivi ni vichache mno kustahili gharama na kelele. Ni kweli kwamba ni vichache. Tafiti za Marekani kuhusu wanamichezo wa vyuo vikuu zimekadiria kifo kimoja kwa mwaka katika takriban kila wachezaji 50,000, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa wanaume kuliko wanawake, kwa weusi kuliko weupe, na kwa wachezaji wa mpira wa vikapu kuliko wengine wengi. Lakini uchache huo hauondoi wajibu. Anayekufa ni kijana aliyekuwa na miaka 50 au zaidi mbele yake, na alikuwa pale kwa sababu taasisi fulani ilimchagua, ikamvisha sare yake na kumtuma akaiwakilishe. Isitoshe, maandalizi yanayomfaa mchezaji humfaa pia shabiki wa miaka 60, mwamuzi na mwalimu mlezi. Mioyo yao nayo husimama.

Wengine hushika methali isemayo ajali haina kinga, au husema kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Imani hiyo huwafariji wafiwa na haifai kubezwa. Hata hivyo, mambo mawili yaliyotokea Ulaya yanawataka wanaoishikilia wafikiri upya.

La kwanza lilitokea London tarehe 17 Machi 2012. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka uwanjani White Hart Lane akiwa na umri wa miaka 23. Moyo wake haukupiga kwa dakika 78. Katika muda wote huo watu walipokezana kukibonyeza kifua chake, na alishtuliwa kwa mashine mara 15. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa mashabiki aliteremka kutoka jukwaani kusaidia. Muamba hakurudi kucheza, lakini yu hai, na alitoka hospitalini kwa miguu yake.

La pili lilitokea Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, Denmark ilipokuwa ikicheza na Ufini. Christian Eriksen alianguka bila kuguswa na mtu, mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Nahodha Simon Kjær na wenzake walifika upesi, wakamzingira kwa heshima huku madaktari wakibonyeza kifua na kutumia mashine. Eriksen alizinduka kabla ya kuondolewa uwanjani. Alipandikizwa kifaa cha kuushtua moyo ukisimama tena, akarudi kucheza Uingereza mapema mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo alicheza katika Kombe la Dunia nchini Qatar.

Muamba na Eriksen hawakuwa na bahati kuliko Foé katika kuanguka. Walianguka kama yeye. Kilichobadilika kati ya 2003 na 2012, na zaidi kufikia 2021, ni kwamba waliokuwa pembeni walijua wanachokiona. Kanuni inayofundishwa siku hizi kwa madaktari wa kandanda ni nyepesi: mchezaji akianguka bila kuguswa na asiitike, ichukuliwe kwamba moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Kila dakika inayopita bila moyo kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, ikiwa hakuna anayekibonyeza kifua. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: gari la wagonjwa linalofika baada ya dakika 20 humkuta asiyesaidiwa akiwa amekwisha kufa.

Mjadala wa vipimo

Kuhusu kuwapima wachezaji mapema, wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Italia iliweka sharti tangu mwaka 1982 kwamba kila anayeshiriki michezo ya mashindano apimwe, kipimo cha umeme wa moyo kikiwemo. Utafiti wa eneo la Veneto uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4, yaani asilimia 89. Marekani, kwa upande wake, imependelea maswali kuhusu historia ya mchezaji na ya familia yake pamoja na uchunguzi wa kawaida wa daktari, bila kipimo cha umeme kwa kila mtu. Israeli iliiga sharti la Italia mwaka 1997, lakini utafiti wa baadaye haukuona tofauti katika idadi ya vifo.

Uingereza nayo imetoa funzo la unyenyekevu. Shirikisho la kandanda nchini humo liliwapima wachezaji chipukizi 11,168 kati ya mwaka 1996 na 2016. Wachezaji 42 waligunduliwa kuwa na maradhi yanayoweza kuua ghafla, na hao walinufaika. Lakini miongoni mwa wanane waliokufa baadaye kwa maradhi ya moyo, sita walikuwa wamepimwa na kuambiwa ni wazima. Kipimo cha leo hakitoi hakikisho la maisha yote, hasa kwa kijana wa miaka 16 ambaye moyo wake bado unakua.

Kuna jambo jingine linalowahusu Waafrika moja kwa moja. Mazoezi makali huubadilisha moyo wa kila mwanamichezo, na katika michoro ya umeme wa moyo ya wanamichezo weusi hujitokeza mara nyingi maumbo ambayo kwa Mzungu yangehesabiwa kuwa ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2017 vimelizingatia hilo. Mahali ambapo anayeusoma mchoro hakuvizingatia, kijana mzima anaweza kuambiwa ni mgonjwa na mlango wake wa riziki ukafungwa bure.

Kwa hiyo, kudai kwamba kila shule nchini Kenya iwapime wanafunzi wote kwa mashine kuanzia muhula ujao ni kutaka makuu kabla ya madogo. Vipimo viwe kwa timu za taifa na vilabu vya ligi, vyenye uwezo wa kulipia na wataalamu wa kuvisoma. Kwa wengine wote, haba na haba hujaza kibaba, na haba ya kwanza ni swali.

Riziki na siri

Maswali yenyewe ni machache. Je, mchezaji amewahi kuzimia akiwa katikati ya mazoezi? Je, kifua humuuma au moyo humwenda mbio bila mpangilio anapokimbia? Je, huishiwa pumzi kupita wenzake wa kiwango chake? Je, yuko ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya kufikia umri wa miaka 50, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya linatosha kumwondoa mchezaji uwanjani kwa muda hadi daktari amwone. Aghalabu fomu za kujiunga na timu huuliza jina, nambari ya usajili na kipimo cha kiatu.

Ni kweli kwamba swali si kitu bila jibu la kweli, na hapa ndipo penye ugumu. Nchini Kenya, mbio na kandanda si burudani pekee. Ni karo, ni ufadhili wa masomo ng'ambo, ni shamba litakalonunuliwa na nyumba itakayojengewa mama. Kijana anayejua kwamba jibu moja linaweza kumnyima haya yote ana kila sababu ya kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema ni nani aliyemfanya ayafiche.

Maisha ya Raphael Dwamena wa Ghana yanaonyesha uzito wa mtihani huo. Mwaka 2017 uhamisho wake wa kwenda Brighton ya Uingereza ulivunjika baada ya vipimo vya afya. Baadaye alipandikizwa kifaa cha kuushtua moyo, akaendelea kucheza, na mwaka 2021 akaanguka uwanjani nchini Austria, akanusurika. Kisha aliamua kifaa hicho kiondolewe. Tarehe 11 Novemba 2023, akiichezea Egnatia nchini Albania, alianguka tena, na safari hii hakuinuka. Alikuwa na umri wa miaka 28. Si vyema kumhukumu. Lililo wazi ni kwamba kandanda ilikuwa ndiyo maisha yake, na mtu haambiwi aache maisha yake kwa sentensi moja.

Kwa sababu hiyo, taasisi inayouliza sharti iwe na la kumpa anayejibu kweli. Chuo kilichomdhamini mwanafunzi kwa sababu ya miguu yake hakipaswi kumfutia udhamini kwa sababu ya moyo wake. Timu inamhitaji pia msaidizi wa kocha, mwamuzi, mtunza takwimu na mtangazaji. Pasipo ahadi ya namna hiyo, fomu itajazwa uongo na kila mmoja atajua hivyo.

Maneno yanayochelewesha mikono

Yanayosalia yanawahusu moja kwa moja wapenzi wa Kiswahili. Mchezaji anapoanguka, watu huamua la kufanya kwa kufuata jina wanalolipa tukio. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kurusharusha mikono na miguu kwa sekunde kadhaa. Wanaoona husema ni kifafa, nao hujitenga wakisubiri kiishe. Wengine husema amemeza ulimi. Ulimi haumezeki; lakini kanda za matukio ya aina hii huonyesha mara kwa mara wachezaji wakihangaika kumfungua mwenzao kinywa wakati ambapo kifua chake hakijaguswa na mtu.

Lililo zito zaidi ni neno la tatu. Kwa dakika chache baada ya moyo kusimama, mtu anaweza kuvuta pumzi za hapa na pale, nzito, kama anayekoroma. Kiswahili kina jina la pumzi hizo: husemwa kwamba anakata roho. Asikiapo hivyo, msikilizaji huelewa kuwa kazi imekwisha. Kilichobaki ni kumfumba macho na kumtafutia shuka. Kumbe huo ndio wakati ambapo mikono inahitajika kuliko wakati wowote. Lugha imetangulia kutoa hukumu, na mikono imeitii.

Vyombo vya habari navyo huongeza mkanganyiko. Taarifa nyingi za Kiswahili hutumia mshtuko wa moyo kwa kila kifo cha ghafla, na utata huo huzidi kwa kuwa mashine inayotibu moyo uliosimama nayo huitwa ya kushtua moyo. Msikilizaji asiye mtaalamu anaweza kudhani kwamba mashine huleta ugonjwa uleule inaoutibu. Yafaa mshtuko wa moyo ubakie kuwa jina la ule wa mishipa kuziba, na kusimama kwa moyo liwe jina la huu wa umeme. Istilahi hizi si ngumu. Zinachokosa ni watu wa kuzishikilia redioni, magazetini na darasani hadi zizoeleke.

Aidha, maagizo ya huduma ya kwanza yanapopatikana kwa Kiswahili, mara nyingi huwa tafsiri ndefu ambazo hakuna awezaye kuzikumbuka penye taharuki. Agizo la dharura linataka ufupi wa methali. Ameanguka bila kuguswa, haitiki, hapumui sawasawa: moyo umesimama. Ita msaada. Weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache. Leta mashine, iwashe, ifuate isemavyo. Mashine zenyewe hutoa maagizo kwa sauti katika lugha alizoziweka mtengenezaji, na mwanakijiji aliyekimbilia kusaidia hapaswi kushindwa na lugha wakati mikono yake iko tayari.

Hapa pana kazi ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote kinaweza kuianza bila kusubiri ruzuku. Kinaweza kushirikiana na wanafunzi wa udaktari na uuguzi kuandaa ukurasa mmoja wa maagizo kwa Kiswahili fasaha na chepesi, ukabandikwa katika kila chumba cha kubadilishia mavazi. Kinaweza kuziandika upya fomu za michezo, maswali yale machache yakiwemo, kwa lugha ambayo mzazi ataielewa, kwa kuwa mzazi ndiye ajuaye mjomba alikufa vipi. Kinaweza kuwaalika wakufunzi wa Msalaba Mwekundu au wa St John wawafunze manahodha, makocha na mashabiki kubonyeza kifua, somo ambalo huchukua mchana mmoja. Na uongozi wa chuo unaweza kuulizwa swali fupi: chuo kina mashine ngapi za kushtua moyo, ziko wapi, na nani ana ufunguo siku ya Jumamosi mechi zinapochezwa? Mashine iliyofungiwa kabatini mwishoni mwa juma haina tofauti na mashine isiyonunuliwa.

Hakuna lolote kati ya haya litakalovimaliza vifo hivi. Moyo una kasoro ambazo hakuna swali litakalozifichua wala mkono utakaoziwahi. Lakini kati ya kushindwa baada ya kujaribu na kushindwa kwa kusimama pembeni pana umbali mkubwa, na umbali huo hupimwa kwa maisha ya watu. Msimu wa michezo ya vyuo na shule hurudi kila mwaka. Utakaporudi, kijana atakayesema kwamba kifua humbana anapokimbia asiambiwe apige moyo konde. Aketishwe, aulizwe, na apelekwe kwa daktari.